Mercedes W124: Kununua na Kutunza Saluni ya Kijerumani Iliyokula Chumvi

Mercedes-Benz W124 ni gari la saluni la ukubwa wa kati lililoanza kuuzwa Ulaya mwanzoni mwa 1985 na kuundwa hadi katikati ya miaka ya 1990, lilipoipisha W210. Kiwanda chake kikuu kilikuwa Sindelfingen, karibu na Stuttgart, na umbo lake lilisimamiwa na Bruno Sacco, Mwitaliano aliyeongoza wasanifu wa kampuni hiyo tangu 1975 hadi 1999. Ukijumlisha saluni, steshenwagoni, kupe na yale ya paa la turubai, yaliundwa zaidi ya milioni 2.5. Ujerumani lilikuwa teksi ya kila mtaa. Nairobi na Dar es Salaam lilikuwa gari la mawaziri, mabalozi na wakurugenzi wa mashirika. Baadaye likatoka mikononi mwao kwa mnada au kwa kuuziana, likaingia kwa wafanyabiashara, na sasa linanunuliwa na mtu yeyote mwenye akiba ya wastani.

Bei hiyo ndogo ndiyo inayowaponza wengi. Gari hushuka thamani kila linapobadilisha mmiliki, lakini spea zake hazishuki nalo. Rejeta, shokapu na giaboksi za W124 zilisanifiwa kwa ajili ya mtu aliyelinunua likiwa jipya kwa fedha nyingi, na bei zake bado zinafuata kipimo hicho. Anayemaliza akiba yote kwenye kununua, bila kubakiza angalau theluthi ya bei aliyolipa kwa matengenezo ya miezi ya kwanza, hujikuta na gari zuri lililoegeshwa uani.

Kinachozeesha gari la miaka 30 ni muda kuliko kilomita. Chuma cha injini hii ni kigumu mno na kikipata oili safi huchukua miaka mingi kuisha. Mpira hauko hivyo. Hukakamaa na kupasuka hata gari likiwa limesimama. Plastiki hukauka, ganda la nyaya huvunjika, sili hunywea na kuanza kuvujisha. Ndiyo maana gari lenye kilomita 150,000 lililokaa miaka kumi chini ya mwembe laweza kuwa na kasoro nyingi kuliko lenye kilomita 350,000 lililokuwa likitembea na kuhudumiwa kila mwaka. Tena namba ya kilomita yenyewe si ya kuaminiwa sana, kwa kuwa saa ya W124 huhesabu kwa gia za plastiki ambazo huvunjika, na fundi akiwa na bisibisi anaweza kuirudisha nyuma. Kinachosema kweli zaidi ni raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 90,000 huku raba ya breki imelika hadi chuma kinaonekana halikutembea kilomita 90,000.

Makumbusho ya Mercedes mjini Stuttgart yana teksi ya Ugiriki aina ya 240D ya 1976, babu wa W124, iliyotembea zaidi ya kilomita milioni 4.6. Watu hulitaja gari hilo kama ushahidi kwamba Mercedes za zamani hazifi. Lakini mwenyewe alibadilisha injini mara kadhaa na kulihudumia bila kukosa, kwa sababu lilikuwa ndilo linalomlisha. Magari haya huishi muda mrefu kwa namna hiyo, yaani kwa mtu anayebadilisha kinachochakaa kabla hakijaharibu kingine.

Uamuzi wa kwanza wa mnunuzi ni injini, na hapa mwaka wa gari una uzito mkubwa kuliko wauzaji wanavyokiri. Za dizeli ni 200D, 250D na 300D, zenye silinda nne, tano na sita. Hazina mbio, kwani ile ya 200D ina nguvu farasi zisizofika 80, lakini pampu yake ya Bosch inafanya kazi bila kompyuta yoyote, na fundi wa dizeli aliyezoea matrekta huielewa. Kwa anayesafiri safari ndefu na kuishi mbali na mji mkubwa, 250D au 300D ndiyo yenye busara zaidi. Za petroli za miaka ya mwanzo, yaani 200E, 230E, 260E na 300E, hutumia mfumo wa kupulizia mafuta wa KE-Jetronic, ambao nusu yake ni wa kimitambo na nusu wa umeme. Ukiwa mzima hauna matata. Ukiguswa na mtu asiyeujua, anayekaza na kulegeza skurubu kwa kubahatisha, gari hunguruma vibaya, hula mafuta na hugoma kuwaka likiwa na moto. Miongoni mwa hizo, 230E ya silinda nne ndiyo rahisi kutunza. Ile ya 300E ya silinda sita ina raha yake barabarani, lakini sili za valvu zake hukakamaa na kuleta moshi wa bluu asubuhi gari linapowashwa.

Kuanzia mwishoni mwa 1992 zikaja injini mpya za valvu nne kwa kila silinda, na 1993 jina likageuzwa: 220E ikawa E220, na W124 ikaanza kuitwa E-Class. Injini hizo zina nguvu na hubana mafuta vizuri. Tatizo lake ni nyaya. Ganda la nyaya za injini za miaka hiyo liliundwa kwa malighafi iliyokusudiwa kuoza kwa urahisi baada ya gari kufa, nalo likaanza kuoza gari likiwa hai. Ukikunja waya karibu na injini, ganda humeguka kama ganda la yai na shaba huonekana. Nyaya zikigusana, injini hukosa silinda moja, na mara nyingine kompyuta ya gari huungua. Kwa hiyo E200, E220, E280 au E320 ya 1993 hadi 1995 inafaa kununuliwa pale tu muuzaji anapoweza kuonyesha kwamba fungu zima la nyaya za injini limebadilishwa. Kuzizungushia selotepu nyeusi si kubadilisha, na selotepu mpya inayong'aa ndani ya boneti ni ya kutiliwa shaka.

Ukaguzi wenyewe uanze na bodi, kabla hata boneti haijafunguliwa, kwa sababu injini hubadilishwa lakini bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. W124 lilikingwa na kutu vizuri kuliko W210 lililolifuata, lakini miaka ni mingi, na magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar yamevuta hewa ya chumvi kila siku. Ubavuni, chini ya milango, kuna vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoficha mahali pa kuweka jeki. Vifunguliwe vyote vinne, kisha ndani papigwe kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza huitika kwa sauti ya boksi. Kwa magari yaliyotoka baada ya 1989, yenye mbao pana za plastiki ubavuni, kutu hujificha nyuma ya mbao hizo na huonekana tu rangi inapoanza kuvimba ukingoni. Sehemu nyingine ni chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, na trei ya betri. Majani ya miti yakirundikana nyuma ya boneti huziba matundu ya kutolea maji ya mvua, na maji hayo hutafuta njia kuelekea betri na visanduku vya umeme. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itaonyesha palipojazwa pati, kwani hapo haishiki.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha gari kabla mnunuzi hajafika ana sababu yake, na ni haki kumwomba siku nyingine. Kizibo cha tangi la kulanti kifunguliwe kabla ya kuwasha: pakiwa na utando wa oili juu ya maji, gasketi ya silinda hedi inavuja. Chini ya kizibo cha oili pasiwe na ute wa rangi ya maziwa. Baada ya kuwasha, cheni ya injini yaweza kulia sekunde moja au mbili ikisubiri oili, lakini ikiendelea kukwaruza ni dalili kwamba imelegea. Uzuri ni kwamba injini zote za W124 hutumia cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa.

Kisha gari litembezwe hadi lipate moto, na jicho lisiiache saa ya joto. Sindano ikikaa kati ya 80 na 100 ni hali ya kawaida, na kwenye foleni yaweza kusogea juu kidogo hadi feni ishike. Ikiendelea kupanda, ukaguzi uishie hapo. Silinda hedi ya aluminiamu iliyochemshwa hupinda, na hata ikinyooshwa kwa mashine ya kukwangua, deni lake hubaki.

Kuchemsha ndiko kunakoua W124 nyingi zaidi katika nchi za joto, na mara nyingi chanzo si gari bali tiba aliyopewa. Fundi akiona sindano inapanda, huondoa themostati na kusema sasa maji yatazunguka bila kizuizi. Katika injini nyingine za zamani hoja hiyo ina mashiko kidogo. Themostati ya Mercedes, hata hivyo, ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na ikipata moto hufungua njia hiyo huku ikiziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Gari huchelewa kupata moto asubuhi, halafu huchemka mlimani. Kosa la pili ni kujaza maji matupu. Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya theluji pekee. Ina kemikali zinazozuia aluminiamu kuliwa, na bila hizo njia za maji ndani ya hedi huchimbika hadi gasketi haina pa kukalia. Kosa la tatu ni kuifunga feni kwa bolti ili izunguke muda wote, au kuiondoa na kuweka ya umeme isiyotosha, badala ya kununua klachi ya feni iliyokufa. Mwenye W124 anayebadilisha kulanti kila baada ya miaka mitatu, mipira ya maji inapoanza kuwa laini, na rejeta pale shingo yake ya plastiki inapopata ufa mdogo, amejiondolea sehemu kubwa ya hatari zote za gari hili.

Giaboksi ya otomatiki ya mengi ya magari haya ni ya gia nne. Huondoka kwa gia ya pili dereva asipokanyaga sana, na hilo si kasoro. Kasoro ni kuchelewa kushika rivasi. Ukiweka R, gari likakaa sekunde mbili tatu ndipo likashtuka, sili za ndani zimekakamaa. Mafuta yake yana kijiti cha kupimia. Yawe mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, bei ipunguzwe kwa gharama ya giaboksi nzima au mnunuzi aondoke.

Mambo mengine huonekana barabarani. Usukani ukiwa na mchezo mkubwa katikati, yaweza kuwa bushi za aidla, ambazo ni rahisi, au boksi la usukani, ambalo si rahisi. Mlio wa kugonga mbele kwenye matuta huashiria boljoint za chini au bushi za mikono ya mbele. Mtetemo sakafuni gari linapoondoka hutokana na raba za propela. Nyuma, kila tairi limeshikwa na mikono mitano, mfumo uliotangulia kutumika kwenye Mercedes 190 mwaka 1982, na ndio unaolifanya gari litulie kwenye kona kama lilivyo. Bushi zake zikichoka gari huyumba kidogo kwa kasi na hula tairi za nyuma upande wa ndani. Tairi zenyewe, kwa bahati nzuri, ni za saizi ya 195/65 R15, zinazopatikana kila mji.

Karatasi zisiachwe hadi mwisho kwa kuona haya. Namba ya chesesi huanza na WDB124, na imegongwa kwenye chuma cha ukuta wa nyuma ya injini. Lazima ifanane na ya kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini huanza na tarakimu tatu za aina yake, 102 kwa 230E na 103 kwa 300E, kwa hiyo ni rahisi kujua kama injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa. Nchini Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, W124 zilizopo ziliingia zamani na zimepitia wamiliki wengi. Historia ndefu ya namna hiyo ina mapengo, na pengo kati ya mmiliki wa mwisho na jina lililo kwenye karatasi ni la kuzibwa kabla fedha haijatolewa.

Gari likishanunuliwa, kazi ya kwanza ni kubadilisha vyote vya maji na vyote vya kuchuja, bila kujali muuzaji alisema nini. Oili ya injini na filta, mafuta ya giaboksi na filta yake, kulanti, mafuta ya breki, oili ya difu, filta ya hewa na ya petroli au dizeli. Kwa petroli, plagi, kifuniko cha distribyuta na rota yake pia. Kuanzia siku hiyo kuna tarehe ya kuhesabia. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 7,500 hadi 10,000, au mara moja kwa mwaka hata gari lisipofika huko. Mafuta ya breki ni kila miaka miwili, kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewa, na mafuta ya giaboksi ni kila kilomita 60,000. Daftari dogo la kuandika kila kilichofanywa, tarehe na kilomita, huongeza thamani ya gari siku ya kuliuza kuliko rangi mpya.

Umeme wa magari ya kabla ya 1993 si mgumu, ila una relei moja inayosumbua watu bila sababu. Iko karibu na betri, ina kifuniko kidogo cha plastiki juu na fyuzi moja au mbili chini yake, na kazi yake ni kuvilinda vifaa dhidi ya umeme uliozidi. Lehemu zake za ndani hupasuka kwa umri. Hapo taa ya ABS huwaka na injini hutetemeka gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, dalili mbili zisizoonekana kuwa na uhusiano, na mwenye gari hulipishwa pampu ya petroli, kompyuta na vihisi kabla mtu hajaitazama relei. Kwenye dizeli, kinachochanganya ni vakyumu. Ufunguo ukizimwa, injini huzimwa kwa kuvutwa kwa hewa kupitia vijibomba vyembamba vya plastiki, na kikivuja kimoja injini huendelea kunguruma ufunguo ukiwa mkononi. Mtu huona miujiza, kumbe ni mpira wa kuungia wa bei ndogo. Giaboksi ikianza kubadilisha gia kwa kishindo, vijibomba hivyohivyo viangaliwe kwanza.

Fundi wa gari hili ni wa kutafutwa kabla gari halijaharibika. Mashine za kisasa za kusomea hitilafu hazina pa kuchomekwa kwenye W124 la zamani, kwa hiyo kijana hodari wa kompyuta hana faida hapa kuliko mzee aliyefanya kazi kwenye gereji ya wakala miaka ya 1990. Dalili ya fundi mzuri ni kwamba anapima kabla ya kubadilisha, na anarudisha kifaa cha zamani mkononi mwa mwenye gari.

Spea zipo bado. Mercedes yenyewe inaendelea kutoa nyingi kupitia kitengo chake cha magari ya zamani, na viwanda vilivyoitengenezea tangu awali huuza vitu vilevile kwa majina yao: Lemförder kwa boljoint na mikono, Sachs na Bilstein kwa shokapu, Behr kwa rejeta, Bosch kwa umeme na mafuta. Kwenye baadhi ya vifaa vya Lemförder huonekana mahali ambapo nembo ya nyota imekwanguliwa kabla ya kuuzwa. Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, pana vya asili, pana vya nakala nzuri, na pana vya kuigiza vilivyofungwa kwenye boksi zuri. Ulinzi bora ni kwenda na namba ya kifaa, inayoanza na herufi A na tarakimu tatu za aina ya gari. Si ajabu ikawa 201 badala ya 124, kwani Mercedes 190 hutumia vifaa vingi vilevile, na duka lisilo na cha 124 huenda linacho cha 190 rafuni. Kwa vitu vya chini ya gari, nakala ya bei rahisi ni hasara tupu. Boljoint ya kuigiza huisha mapema, na ikichomoka tairi hulala barabarani.

Hufika siku matengenezo hayana maana tena. Injini iliyokufa, giaboksi au hata viti, vyote vinabadilishika kwa gharama inayojulikana mapema. Kutu iliyokula sehemu za jeki, mihimili ya chini na mahali pa kushikia mikono ya nyuma haina makadirio, kwa sababu kila kinapokatwa kipande kilichooza huonekana kingine. Gari la namna hiyo lina thamani zaidi likifunguliwa. Kigawanya mafuta cha KE-Jetronic, relei, saa za dashibodi, mota za vioo, taa, difu na giaboksi nzima hununuliwa haraka na wenye W124 zilizo hai. Kabla ya bodi kukatwa, kadi irudishwe kwa mamlaka ya usajili ili gari lifutwe, namba ya chesesi isije ikapandikizwa kwenye gari la wizi huku jina la mmiliki wa mwisho likiwa bado kwenye kumbukumbu.